FM ikikamata stesheni ya mbali ghafla, usikimbilie kwa fundi

Wana Mtwara wenzangu mnaopenda redio, hii ni yenu, hasa kuanzia Novemba hivi mpaka Januari. Unasikiliza FM yako kawaida tu, ghafla inaingia stesheni ya lugha usiyoijua, safi kabisa kama iko hapo Mikindani, baada ya muda kidogo imepotea. Redio yako ni nzima, usiifungue. Ulichosikia kimeletwa na vyuma vilivyo angani, kilomita kama 100 juu ya kichwa chako.

Iko hivi. Kila siku vumbi la vimondo linaingia kwenye hewa ya dunia, tani na tani, tena kwa spidi kali isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, linaungua huko kati ya kilomita 80 na 120 na kuacha atomu za chuma, magnesiamu na sodiamu. Zikipokonywa elektroni zinakuwa ayoni. Na utamu wote uko hapa: ayoni za hewa ya kawaida zikikutana na elektroni zinaisha fasta, ila za metali zinapata tabu sana kuungana tena, zinakaa masaa mengi, hata siku. Sasa upepo wa kule ukivuma juu kwenda magharibi na chini yake kidogo kwenda mashariki, usumaku wa dunia nao ukiwepo, zinabanwa zinakuwa utandu mwembamba wa kilomita chache tu. Mawimbi ya FM ambayo siku zote hupenya yakapotelea mbali, yakiukuta huo utandu yanarudi chini. Wataalamu wanaiita sporadiki E. Mimi naona ni maajabu kweli, kimondo kilishaungua na bado kinakuletea mtangazaji.

Ila msichanganye. Jioni ya joto, bahari imetulia, ukikaa Shangani ukapata Comoro au Cabo Delgado masaa mawili matatu bila kukatika, hiyo ni hewa ya chini tu juu ya maji, kilomita mia tatu mia nne. Ya vyuma inaruka mbali, mara nyingi kilomita elfu moja mpaka elfu mbili, inapanda na kushuka, saa ingine stesheni mbili zinagombania masafa yale yale. Antananarivo, Harare, Nairobi, zote ziko kwenye umbali huo. Mimi nilivyosikia Kimalagasi mara ya kwanza niliacha kula.

Ushauri wangu: anza kutafuta chini kabisa, 88, maana utandu ukipata nguvu masafa ya chini ndo yanafunguka kwanza halafu unapanda kuelekea 108. Redio ya gari inafaa sana kwa hii kazi. Ya nyumbani iwekee waya mbili za sentimita 75 kila upande, mbali na nyaya za umeme, na radi ikianza chomoa kila kitu. Zima chaja na taa zinazopiga kelele. Andika saa, masafa na lugha palepale, kumbukumbu ya kichwani inadanganya.

Halafu Desemba 13 na 14 usiku, vimondo vya Geminidi vikiwa vingi, weka redio kwenye masafa matupu kuanzia saa nne usiku na uvumilie, saa nane ndo kunachanganya. Ukisikia neno moja au kipande cha muziki cha sekunde moja kinaingia na kukatika, hicho ni kimondo kimoja, kimepita sasa hivi.