Barua kwa mwanangu: hiyo 贝 iliyojaa kwenye ankara zako

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini kila ankara unayoletewa huko Guangzhou, China, ina herufi 贝: kwenye 货 (bidhaa), 费 (gharama), 购 (kununua), 账 (hesabu). Herufi hiyo ni gamba la kauri, yule wa baharini. Husomwa bèi, sauti ya nne, inayoshuka.

Enzi ya Shang, ukoo wa wafalme wa China wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, magamba ya kauri yalikuwa mali. Katika kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa Shang, huko Anyang, lililofukuliwa mwaka 1976, yalikutwa zaidi ya 6,000, na Anyang iko mbali na bahari. Maandishi ya kwenye vyombo vya shaba yanataja wakubwa wakitunukiwa kauri kwa tungo. Tungo liliandikwa 朋, ambayo leo ni rafiki. Ndiyo maana maneno ya fedha yamebeba gamba hilo.

Umbo la zamani, 貝, lina mistari 7 na bado linatumika Hong Kong na Taiwan. La China bara lina 4: shuka kushoto, vuka juu kisha shuka kulia, bila kulabu, toka katikati ukifagia chini kushoto, malizia na kijistari kifupi kulia. Huo wa mwisho ukiupinda juu kwa kulabu, umeandika 见, kuona. Sehemu nyingine ya herufi mara nyingi hutoa sauti: 才 (cái) ndani ya 财 (cái), mali.

Panapouma mfanyabiashara ni hapa: 货款 ni malipo ya bidhaa, 贷款 ni mkopo. Chini zote zina 贝, kwa hiyo usiangalie chini, angalia juu: 货 ina 化, 贷 ina 代. Ukikosea kwenye maelezo ya malipo ya benki, umeandika kwamba umemkopesha muuzaji, na siku ya ugomvi karatasi hiyo itakusumbua.

买 (nunua) na 卖 (uza) zilikuwa 買 na 賣. Gamba liliondolewa maandishi yaliporahisishwa miaka ya 1950. Sasa zinatofautiana kwa 十 iliyo juu ya 卖 tu, nao ni urahisishaji ambao binafsi siupendi.

Ukichapa zhang kwenye simu, zitakuja 账 na 帐. Wachina wenyewe huzichanganya. Kwa hesabu chagua yenye 贝. Ile nyingine ni ya hema na chandarua.

Baba yako