Uzi wa rangi ya heroe: ninayomwambia kila anayeanza kutia rangi sufu

Nilipoanza kutia rangi sufu hapa Njoro, hamu yangu ilikuwa rangi moja tu: ile ya ndege heroe (flamingo) wanapojipanga ukingoni mwa Ziwa Nakuru asubuhi, waridi inayokaribia nyeupe. Nikachuma kikapu kizima cha maua ya bogenvilia kwenye ua wa jirani, nikayachemsha, maji yakawa mekundu ajabu. Uzi ukatoka waridi kweli. Majuma mawili baadaye, pale dirishani nilipouning'iniza, ulikuwa umepauka kama chai yenye maziwa mengi.

Rangi ya bogenvilia ni ya jamii moja na ya bitiruti, na zote mbili hazivumilii moto wala jua. Waridi niliyoitaka niliipata baadaye kwenye mbegu ya avokado. Ikate vipande, uviache mezani dakika chache, na utaona ule weupe wa ndani unageuka kuwa rangi ya machungwa mbele ya macho yako. Hapo ndipo rangi ilipo. Hata heroe mwenyewe hazaliwi waridi: kifaranga chake ni cha kijivu, na rangi anaipata polepole kwa mwani anaokula ziwani.

Kwa gramu 100 za sufu mimi hutumia mbegu nane hadi kumi. Nazipika kwa moto mdogo saa moja, naziacha zilale humo usiku kucha, kisha nachuja. Wengine hutia magadi ili wekundu ukolee. Ukitia, tia chembe tu, maana magadi mengi yanaifanya sufu iwe kavu na kukatika.

Kabla ya hayo yote, sufu ioshwe vizuri. Sufu ya kondoo wa Molo na Mau Narok huja na mafuta yake, na penye mafuta rangi haingii. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, usisugue, usikamue kwa nguvu. Ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitumbukiza ghafla kwenye ya baridi, tena ukiivurugavuruga, nyuzi zinashikana na kuwa kama blanketi lililoganda. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Mimi naacha sufu ipoe ndani ya sufuria yake, hata kama ni mpaka kesho.

Kisha shabu (alum). Hii ndiyo inayoshikisha rangi nyingi. Gramu 12 kwa kila gramu 100 za sufu kavu zinanitosha. Ukizidisha sana, uzi unanatanata mkononi. Iyeyushe kwanza, tia sufu iliyolowa, pasha moto taratibu saa nzima bila kuacha maji yatokote. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya kisima huku kwetu yana chumvi nyingi na hubadilisha rangi. Na sufuria ya kazi hii isirudi jikoni kupikia chakula, tafadhali.

Kwa manjano, msishawishike na bizari. Nilimfumia mama mmoja wa Kisumu shali ya bizari, ikang'aa kama jua la alfajiri. Alinirudishia baada ya miezi mitatu, upande mmoja manjano, upande mwingine karibu mweupe. Nilimrudishia pesa zake, na bado naona haya nikimkumbuka. Siku hizi natumia mubangi, yale magugu yenye harufu kali yanayojaa shambani mahindi yakishavunwa, au maganda ya vitunguu. Ukichovya uzi wa mubangi kwenye maji yaliyolala na misumari yenye kutu, manjano inageuka kijani kizito, kile cha msitu wa Mau mawingu yakitanda. Usiuache humo muda mrefu, kwani chuma hula sufu. Majani ya mikaratusi nayo hutoa rangi ya udongo mwekundu, tena bila shabu.

Tangu shali ile siuzi rangi nisiyoijaribu. Nazungushia uzi kwenye kipande cha kadibodi, nafunika nusu, naweka dirishani panapopiga jua. Baada ya majuma mawili nafunua. Nusu mbili zikilingana, naendelea.

Kuhusu kufuma nina moja tu la kusisitiza. Uzi wa mtande, yaani ule unaotandazwa kwa urefu, usokotwe kwa kukaza na uwe wa nyuzi mbili, kwa sababu ndio unaovutwa kutwa nzima. Wa mshindio, unaopitishwa kwa upana, unaweza kuwa laini utakavyo. Na tia rangi uzi wote wa kitambaa kimoja kwa siku moja. Mubangi wa kabla ya mvua na wa baada ya mvua hautoi manjano moja, na mahali ulipobadilisha uzi pataonekana kama kiraka.

Mbegu za avokado nawekewa na mama mwenye kibanda cha chakula karibu na stendi. Kila Ijumaa nampelekea ndoo tupu, ananipa iliyojaa.