Wanaitikia "ndiyoo," lakini daftari halina kitu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwezeshaji wa vikundi vya kuweka na kukopa huku Kilosa. Niliwafundisha akina mama kutunza hesabu za biashara zao siku nzima, kwa bango kitita: mtaji, mapato, matumizi, faida. Kila nilipouliza "tumeelewana?" waliitikia "ndiyoo". Niliporudi baada ya wiki tatu, hakuna aliyekuwa amejaza hata ukurasa mmoja. Wenzangu wanasema watu wazima vichwa vimeshakuwa vigumu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na neno hilo linaniudhi kila nikilisikia. Mama muuza maandazi anayekumbuka bila karatasi nani anadaiwa mia tano tangu Jumanne, kichwa chake hakina ugumu wowote. Alichokosa ni nafasi ya kufanya mwenyewe huku wewe uko pembeni.

Hiyo "ndiyoo" ni heshima tu. Mtu mzima hamwaibishi mgeni mbele za watu. Acha kuuliza kama mmeelewana, mpe kazi. Muulize jana alinunua nini. Unga 4,000, mafuta 3,000, sukari 1,500, mkaa 1,000. Aandike kwenye daftari lake, kwa mkono wake. Ameuza 13,000, kwa hiyo amebaki na 3,500. Sasa uliza: na yale maandazi waliyokula watoto asubuhi? Hapo utasikia kelele! Huyu atasema si hasara, yule atasema lazima yaandikwe. Waache wabishane. Neno "matumizi" lilete baada ya ubishi huo, maana sasa lina pa kukaa.

Mmarekani Malcolm Knowles, aliyeieneza andragojia, yaani elimu ya namna ya kuwafundisha watu wazima, alisisitiza jambo hili: mtu mzima huja na uzoefu wake, na hutaka kujifunza kitu atakachokitumia leo. Lakini sisi wenyewe tulikwisha kulifanya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania. Vikundi vilisikiliza redio pamoja, vikajadili matatizo ya kijiji chao, kisha vikatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Somo liliishia kwenye jembe, si kwenye makofi.

Siku nzima moja nayo ni tatizo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi muda mfupi tu baada ya kujifunza. Wewe una bahati ambayo walimu wengi hawana: kikundi chako kinakutana kila wiki kununua hisa, yaani kuweka akiba. Omba nusu saa kabla sanduku la fedha halijafunguliwa. Wiki ya kwanza manunuzi peke yake, ya pili mauzo, madeni yangoje. Kila mara, kabla ya kufungua madaftari, waulize wakumbuke wenyewe mlichoandika mara ya mwisho. Wakikwama, subiri; usiwatajie upesi. Kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakoshikisha somo.

Wasiojua kuandika usiwatenge wala usiwape mtu wa kuwaandikia. Noti na sarafu wanazijua, na tarakimu wengi wanazisoma. Mwachie kila mmoja achore alama yake ya unga, ya mkaa na ya mafuta, kisha aweke kiasi mbele yake.