Binti yangu anasinzia juu ya daftari

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka minane, yuko darasa la pili hapa Makorora. Akitoka shule anakula, saa nane anakwenda chuoni (madrasa), anarudi magharibi. Kila siku anapewa hesabu 40 za kufanya nyumbani. Juzi alisinzia akiwa kwenye hesabu ya kumi na mbili, nikamalizia mimi kwa kuiga mwandiko wake, maana asiyemaliza husimamishwa mbele ya wenzake. Mimi nimeishia la saba, na saa kumi alfajiri niko jikoni nachoma vitumbua. Je, nakosea?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya kwa huruma, lakini usirudie, na nitakueleza kwa nini.

Nimefundisha madarasa ya chini hapa Tanga miaka 31. Mwaka mmoja nilikuwa na watoto 94 katika chumba kimoja, nikiwapa hesabu nyingi kama hizo. Kuna kijana daftari lake lilikuwa vema tupu. Siku moja nikamwita ubaoni afanye 52 kutoa 27. Akaandika 35. Alikuwa anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, yoyote iliyo juu. Kukopa hakukujua kabisa. Kumbe muhula mzima nilikuwa nasahihisha kazi ya dada yake! Ile 35 ningeiona mapema, ningemkalisha na vijiti viwili vitatu vya makumi, tukafungua fungu moja, akaelewa. Niliumia sana, na mpaka leo nikimkumbuka yule mtoto naumia.

Kwa hiyo kosa la binti yako ni barua kwa mwalimu wake. Ukilifuta, barua haifiki.

Kuhusu wingi: Marekani walimu wengi hufuata kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa, yaani la pili dakika 20, la nne 40. Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walipopitia tafiti za huko mwaka 2006, waliona kazi za nyumbani zinaendana na ufaulu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko kwa wadogo. Ni watoto wa kwao, wala hawaendi chuoni alasiri, lakini kipimo hicho nakikubali. Anayejua kukopa ataonekana kwa hesabu sita. Asiyejua, ukimpa 40 atakosea mara 40, na kosa litamkaa.

Nanyi walimu wenzangu, nawasihi. Daftari 94, dakika moja moja, ni zaidi ya saa moja na nusu. Hesabu 40 kwa kila daftari hakuna anayezisahihisha kwa haki. Toeni chache mtakazozisoma, na mtoto aliyechoka asisimamishwe mbele ya wenzake.

Wewe mama, akirudi chuoni mpe chakula kwanza. Kisha dakika 20, wewe ukiwa karibu unaloweka mchele wako. La saba yako inatosha: mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti, na akikwama kwenye neno msubiri kidogo kabla hujamsaidia. Asubuhi muulize vitumbua vitano vya shilingi 200 ni bei gani. Hayo nayo ni masomo. Saa mbili unusu awe kitandani.

Halafu nenda shuleni kabla ya kengele ya asubuhi, umwone mwalimu wake peke yake. Usianze na lawama. Msalimie, mweleze ratiba ya mtoto kama ulivyonieleza mimi, umwombe akubali kazi ya dakika 20. Wengi wetu hatujui mtoto anafika nyumbani saa ngapi mpaka mzazi aseme. Na usiku atakaposinzia tena, funga kazi hapo alipofikia, uandike chini yake kwa mkono wako: “Mwalimu, amefanya dakika 20, amefika hapa. Hii ya kumi na mbili imemshinda.” Weka saini.