Je, ni kweli kwamba mafua si ugonjwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule binafsi hapa Moshi. Mwezi Julai niliamka na homa, viungo vyote vikiniuma na koo likiwasha, nikampigia simu mkuu wangu kuomba ruhusa. Alinijibu kwamba mafua si ugonjwa: ninywe chai ya tangawizi, nimeze vidonge viwili vya parasetamoli, nije kazini. Nikaenda. Mchana, watoto walipolala mkekani, niliketi katikati yao nikipiga chafya kwenye pindo la kanga, na wiki hiyohiyo watoto tisa hawakufika shuleni. Nyumbani tuna vyumba viwili, nami naishi na wanangu wawili pamoja na mama yangu mwenye miaka 71, ambaye ana kisukari. Je, nilikosea kwenda? Na kama ningebaki nyumbani, si ningemwambukiza mama?
Mwalimu wa awali, Moshi

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kuugua. Ulikosea kwenda, ingawa aliyekosea zaidi ni yule aliyekuita, maana yeye hakuwa na homa ya kumvuruga akili. Kuhusu wale watoto tisa, usijibebeshe mzigo wote, kwa kuwa msimu wa baridi, madirisha ya darasa yanapofungwa kutwa nzima, huenda ni wao waliokuambukiza wewe.

Kauli ya mkuu wako imezoeleka kwa sababu neno mafua tunalitumia kwa mambo mawili yasiyolingana. Yako mafua ya kawaida, ambayo huanza polepole kwa kamasi na chafya na kumwacha mtu akiendelea na shughuli zake. Na iko homa ya mafua, ambayo mara nyingi humwangusha mtu ghafla kwa homa, maumivu ya viungo na uchovu, kama ulivyoeleza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yatokanayo na homa ya mafua, na walio hatarini zaidi ni wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye maradhi ya kudumu kama pumu na kisukari. Kwa hiyo wewe asubuhi ile ulitoka kwa mtu mmoja wa kundi hilo, ukaenda kushinda na darasa zima la wengine.

Mgonjwa wa homa ya mafua huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea hadi siku tano au saba baadaye, ila siku tatu au nne za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Vile vidonge viwili hushusha homa tu, havipunguzi virusi hata kidogo. Vilikusaidia kusimama mbele ya ubao ukiwa bado unaambukiza. Ndiyo maana tunashauri mtu akae nyumbani mpaka zipite saa 24 tangu homa imwachie yenyewe, bila msaada wa dawa, na anaporudi kazini avae barakoa kwa siku chache.

Sasa tuje kwa mama, na hapa swali lako ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu kukaa nyumbani kusipopangwa huwa ni kuhamisha maradhi kutoka kazini hadi kitandani kwa mzazi. Chumba kimoja kiwe chako peke yako. Watoto walale na bibi yao, maadamu wao hawajaanza kukohoa. Dirisha liache wazi japo Moshi ina baridi, uongeze blanketi. Chakula uletewe mlangoni, na unapotoka kwenda msalani uvae barakoa. Ile kanga ya kupigia chafya usiipitishe begani na kuendelea kushika vyombo. Ifue kwa sabuni, uianike juani, kisha unawe mikono. Majirani watakaokuja kukujulia hali, kwa kuwa watakuja tu, wasalimie kutoka barazani, na hakuna atakayekasirika ukimweleza sababu. Mama mwenyewe akipata homa, usingoje kesho: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu zipo dawa za kupunguza makali ya virusi hivi ambazo hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Mwulize daktari pia kuhusu chanjo ya homa ya mafua, ambayo huchomwa kila mwaka kwa kuwa virusi hivyo hubadilika.

Mambo mawili nisiyapite. Antibayotiki haziui virusi, kwa hiyo usikimbilie kununua amoksilini dukani. Pia si kila homa inayokuja na kamasi ni homa ya mafua. Pima malaria kwanza, hasa kama ulisafiri maeneo ya joto.

Kuhusu ruhusa, hukuwa unaomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Safari nyingine pitia zahanati, uchukue cheti, ndipo upige simu.

SWALI: Mimi ni mama lishe, sina mwajiri wala likizo. Nikishikwa na mafua, nifunge na watoto wale nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Sheria niliyoitaja haikufikii, na nisingekuwa mkweli kukuambia ufunge wiki nzima. Chakula kilichoiva na kupakuliwa kikiwa cha moto si njia kubwa ya kueneza mafua. Kinachoeneza ni kikohozi chako mbele ya mteja, na mikono inayotoka puani kwenda kwenye sahani na chenji. Siku zenye homa usiende kabisa, umtume ndugu au mwenzako wa kibanda cha jirani, nawe umlipe fadhila hiyo atakapougua yeye. Homa ikishakatika ila kikohozi kimebaki, kaa jikoni penye upepo ukiwa na barakoa, na kupakua na kupokea fedha vifanywe na msaidizi. Kama mna kikundi cha upatu, pendekezeni mfuko mdogo wa wanachama wanaougua, maana vikundi vingi nilivyovijua vina fungu la msiba na la harusi, lakini mwenye homa hana fungu lake.