Jibu: Kwa nini mfalme wangu mwovu hatishi?
Ndugu, umesema mfalme wa riwaya yako, anayetawala pwani kama yetu ya Kilwa, anachinja watu kila sura na bado hatishi. Tatizo ni kwamba anafanya yote mwenyewe. Angalia Wajerumani walivyotutawala huku Kusini: maakida na majumbe (wenyeji na watu wa pwani waliowasimamia watu kwa niaba yao), kodi, pamba ya lazima. Ndiyo maana Julai 1905 kule Nandete Wamatumbi walianza Vita vya Maji Maji kwa kung'oa mipamba.

Mpe karani mmoja mpole, anayehesabu siku za kazi za mjane, akakosea moja, akagoma kufuta. Mauaji yapunguze, yabaki mara moja tu, tena baada ya msomaji kumzoea huyo karani. Na usimchore kiongozi wa leo. Akitambulika tu, riwaya imegeuka kibonzo cha gazeti.