Gemu tuliyocheza umeme ulipokatika

Mmeuliza wiki hii kama gemu za video zinaweza kumfundisha kijana kuhusu chuki na misimamo mikali au ni kumpotezea muda tu. Mi naendesha kibanda cha pleisteshen hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa saba sasa, mechi moja shilingi mia tano, pedi nne na mbili mbovu, kwa hiyo acha niseme ninachokijua.

Kwanza tusidanganyane, wenye chuki walishaingia kwenye gemu kitambo. Mwaka 2002 kikundi cha wabaguzi Marekani, National Alliance, kilitoa gemu yake kabisa ya kuua Weusi na Wayahudi, na yule jamaa wa Christchurch, New Zealand, aliyeua Waislamu 51 misikitini mwezi wa tatu 2019 alijirusha laivu Facebook kamera ipo kichwani, ukiangalia unaona ni kama zile gemu za risasi wanazoshinda nazo hawa madogo.

Sasa kuna watu wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuja na wazo nililolipenda, wanalichukulia kama chanjo, yaani badala ya kumhubiria mtoto kwamba uongo ni mbaya unamwacha awe muongo yeye. 2018 wakatoa Bad News, ya bure, unafungua kwenye simu unatafuta wafuasi kwa kujifanya mtu mwingine, kutisha watu, kuwagombanisha. Baadaye ikaja Radicalise, hapo wewe ndo unaliandikishia watu kundi la wehu linalotaka kulipua barafu ya ncha za dunia (huku kwetu mwezi wa saba, baridi ilivyo, ukisema unapinga barafu unapata wanachama asubuhi tu). Ina hatua 4: unamtafuta mtu dhaifu, unajenga uaminifu, unamtenga na watu wake, halafu unamtuma kazi.

Shida ni Kiingereza. Bad News niliwafungulia madogo jioni moja nikawa natafsiri, dakika ya tano wananiuliza anko hii haina Simba na Yanga? Na bando ni langu. Nikaachana nayo.

Ila kuna Jumamosi umeme ulikatika, mvua ile ya Mbeya isiyoisha, madogo kama saba hawawezi kutoka na hela yao nimeshapokea, nikasema basi tucheze ile Radicalise, ya kuteka akili za watu, kwa mdomo. Dogo mmoja wa bodaboda, anajua kuongea huyo, akawa ndo anayetafuta watu, na mwingine mpole wa kidato cha pili akawa wa kutekwa. Barafu tukaitupa, tukaweka kundi linalosema wageni waliohamia mtaani ndo wanaroga biashara za watu. Sikulitoa hewani. 2016 kule kijiji cha Iringa Mvumi (kipo Chamwino, Dodoma, sio Iringa yetu) watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji kisa wameitwa wanyonya damu, na wenyewe walienda kuchukua udongo wa kupima tu.

Aisee, nilitegemea makelele. Yule wa boda hakugusa habari ya uchawi kabisa, alianza na "mdogo wangu, umekula?" Akamuuliza nyumbani wanamchukuliaje, akamsikiliza weee, akamwambia mama yako anakupenda ila haya hawezi kuyaelewa, tubaki nayo sisi wawili. Hapo ndo akaleta habari ya jirani. Na dogo akakubali kwenda kuangalia nani anaingia kwa huyo jirani na saa ngapi! Amekaa kwenye benchi langu, anajua ni mchezo, na amekubali. Akanyamaza kidogo akasema, "ila anko, mbona hata hajaniambia huyo jirani kafanya nini?"

Mi nimeshakaa semina za vijana, fulana, soda, na "msikubali kutumika", sijawahi kusikia mtoa mada akisema kutumika kunaanza na umekula.

Kilichonitia shaka ni yule wa boda, alifurahia kupita kiasi, wiki nzima anawajaribia wenzie. Hao wa Cambridge walipima Radicalise kwa watu 291 na walioicheza walizijua mbinu kuliko ambao hawakucheza, sawa, ila ukifundisha kutega si unafundisha na mtegaji? Nikaweka sheria kila mtu lazima atekwe zamu yake, hata yeye, na zamu yake ilipofika alitekwa haraka kuliko wote.

Kwa hiyo jibu langu ndiyo, inafundisha, ila iwe ya Kiswahili, isile bando, na pawe na mtu wa kuongea nao ikiisha.

Juzi alikuja jamaa na begi, ana maneno matamu, fursa fursa, anawaalika kwenye kikao, eti wazazi msiwaambie kwanza mtawashtukiza na hela. Kuna sauti ikatoka nyuma huko, "hatua ya tatu hiyo," kibanda kizima kikacheka. Jamaa hakuelewa wanacheka nini, akaniomba maji, akanywa, akaondoka.